Waliowahi kubeba mtoto ambaye moyo umesimama, tukutane hapa

Zamu ya Usiku (#1)

Wakuu, salaam.

Humu nimesoma miaka mingi bila kuchangia. Leo naandika kwa sababu mwezi uliopita nimetolewa kwenye gari nikarudishwa wodini, na kuna jambo nimetembea nalo miaka mitatu, sijapata wa kumwambia.

Mimi ni muuguzi. Miaka sita nimekaa nyuma ya gari la wagonjwa katika wilaya moja ya mkoa wa Pwani. Ile Land Cruiser ndefu mnayoijua: kitanda kimoja, benchi, mtungi wa oksijeni, na king'ora ambacho kuna siku kilikuwa mahututi kuliko tuliyembeba. Kazi yetu kubwa ni rufaa. Mama uchungu umegoma, wa bodaboda kavunjika paja, mzee kapooza upande mmoja. Nusu yao wanaongea njia nzima. Ninyi mkisikia king'ora mnasema "Mungu amsaidie", kumbe ndani tunabishana Simba na Yanga.

Mtoto ambaye moyo umesimama ni habari nyingine. Miaka yote sita nimekutana nao wanne. Nitasimulia mmoja.

Jumamosi, saa nne asubuhi. Simu haikuja kituoni. Mwenyekiti wa kitongoji alimpigia dereva wetu kwenye simu yake binafsi, maana ndiyo namba aliyokuwa nayo. Ile 115, namba ya m-mama ya kuitia usafiri wa dharura, ilishakuwepo, na tangu izinduliwe kitaifa 2022 imetusaidia mno kwa wajawazito na watoto wachanga, ila huyu hakuwa mchanga. Alikuwa na miaka mitatu. Kaingia kichwa chini kwenye pipa la maji, lile la bluu lililokatwa nusu, mama yuko hatua chache anafua. Hakuna aliyesikia kitu. Mtoto akizama hapigi kelele.

Tulifika baada ya dakika kama ishirini. Uwanja umejaa watu. Walishamning'iniza miguu juu, wakamkamua tumbo, maji na uji vimetoka. Bibi yake alikuwa amempakata, kamfunika kitenge kama anayembembeleza alale. Nikampokea, nikaweka vidole shingoni, hakuna kitu. Mikono baridi. Kwapani bado vuguvugu. Lile vuguvugu ndilo lililonifanya nianze.

Nilimlaza pale pale kwenye mchanga. Ambu yetu, lile puto la kumminyia mgonjwa hewa, ilikuwa moja, ya mtu mzima, na barakoa yake inameza uso wa mtoto hadi kidevu hukioni. Nikaigeuza juu chini, upande wa pua ukakaa kidevuni, ikashika. Ujanja huo nilifundishwa na mkunga mmoja mtu mzima, siku nyingi. Nikaminya kidogo, kifua kikainuka. Wakuu, kifua cha mtoto kikiinuka unasikia kama umempata. Kumbe ni hewa yako mwenyewe inaingia na kutoka.

Nikaenda nayo dakika tano hivi. Watu wakaanza: "Unafanya nini hapo? Mpeleke hospitali!" Kuna kijana alikuwa na tofali mkononi, sijui aliliokota la nini. Nikambeba mtoto. Mama akapanda mbele na dereva. Nyuma nikapanda na mjomba wa mtoto, kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Nikampa ambu, nikamwambia: nikifika kumi na tano, minya mara mbili, taratibu, ukiona kifua kimeinuka achia.

Nikataka adrenalini, dawa ya kuamsha moyo. Uzito: umri jumlisha nne, zidisha kwa mbili, kilo 14. Ampuli ya miligramu 1 unaichanganya ifike mililita 10, unampa mililita 1.4. Ni hesabu ya darasa la tano, lakini gari linaruka, mkono mmoja uko kifuani kwa mtoto, sikuiamini akili yangu. Nikaandika kwenye kipande cha plasta, nikakibandika pajani kwenye suruali: 1.4. Mshipa sikuupata. Nimechoma mara nne, mikono na miguu. Ile sindano ya kuingiza mfupani chini ya goti, gari letu halikuwa nayo.

Sasa lililonileta. Kutoka kule kuna vumbi kilomita kumi na kitu ndipo ukute lami. Mzee, dereva wetu, alianza vizuri, anakimbiza. Katikati ya safari gari likapunguza mwendo. Si matuta, matuta ya njia ile nayajua moja moja. Likaenda pole vile vile hadi lami, na kwenye lami nako halikwenda kama kawaida yake. Niligonga kioo kwa kiwiko. Hakugeuka.

Hospitali wakampokea, wakaendelea dakika ishirini, daktari akatazama saa.

Mzee alistaafu mwaka jana. Sikuwahi kumuuliza. Nimekula naye, nimecheka naye, nimemchangia harusi ya binti yake, na kila nilipokaa nyuma ya kichwa chake nilikumbuka. Kile kipande cha plasta alikikuta mke wangu akifua. "Hii 1.4 ya nini?" Nikamwambia mambo ya kazini.

Maswali yangu mawili. Tungebaki pale mchangani, ingekuwaje? Na ninyi wenzangu wa magari, mnarudije nyumbani?

---

Kichwa Ngumu (#2)

Pole mkuu. Ila tuseme ukweli, mbona hamsemi habari ya "hela ya mafuta kwanza"? Mwaka juzi shemeji yangu kakaa getini nusu saa familia inachangishana elfu kumi kumi. Leo mnatuletea machozi.

---

Zamu ya Usiku (#3)

Kichwa Ngumu, sikubishii. Nimeona kwa macho yangu familia ikihesabu noti mgonjwa yuko kitandani. Siku ile ya mtoto geji ilikuwa chini. Mzee alipitia kituo cha mafuta akaweka ya elfu hamsini kwa hela yake, hajawahi kurudishiwa. Kwa hiyo unachokisema kipo, na anayekaa kwenye lile gari mara nyingi naye kinamuuma.

---

Neema tele (#4)

Pole sana kaka. Kazi ya Mungu haina makosa. Mtoto yule sasa ni malaika.

---

Zamu ya Usiku (#5)

Asante dada, najua umesema kwa moyo mwema. Ila nikuambie, maneno hayo hayo niliambiwa siku ile ile na mtu wa ofisini, na sentensi iliyofuata ilikuwa: "Kitabu cha gari umeandika kilomita?" Tangu hapo yakitamkwa nakumbuka kilomita.

---

Sista Mapokezi (#6)

Kaka, mimi niko upande wa pili wa mlango wako. Nimefanya kazi dharura miaka kumi na moja, Dar.

Mkifungua mlango wa nyuma, sisi hatutazami mtoto kwanza. Tunatazama nyuso zenu. Kuna uso wa "wahi huyu" na kuna uso ule mwingine. Dereva ndiye huwa wa kwanza kuuonesha, maana yeye hana pa kuinamisha macho.

Mara nyingi mkishamkabidhi mnasimama ukutani, hamjui mikono muiweke wapi. Baadaye mnachukua kitanda chenu, mnakifuta, mnaondoka, na hakuna anayewafuata kuwaambia imekuwaje. Hilo ni kosa letu. Si kwamba hatujali. Ukitoka pale kuna mama wa kukaa naye, kuna fomu, na kuna mtoto wa kuosha. Nimewaosha. Kuna mmoja alikuwa na hina mikononi, ya sikukuu, ilikuwa bado nyekundu kabisa.

Siku hizi nimejipangia langu. Kila gari likileta mtoto wa namna hiyo nachukua namba ya muuguzi, na kabla sijamaliza zamu natuma ujumbe mfupi. "Amepelekwa ICU." Au "Hatukufanikiwa, mama yuko na dada zake." Wapo waliojibu "asante" tu. Mmoja alipiga, hakusema kitu, nikasikia anapumua, nikamwacha apumue.

Swali lako la kubaki au kukimbia nawaachia wa magari. La kitaalamu nataka nikuondolee moja. Mtu mzima moyo wake mara nyingi husimama wenyewe, umeme umevurugika au mshipa umeziba. Mtoto si hivyo. Kwa mtoto mara nyingi pumzi ndiyo hutangulia kuisha: kazama, kapaliwa, nimonia imemchosha. Moyo unapunguza, unapunguza, halafu unasimama. Mpaka umesimama, oksijeni ilishaisha muda mrefu. Ndiyo maana kwa mtoto hewa ni dawa kuliko hiyo adrenalini unayoililia. Wewe ulianza na hewa. Kwa ambu ya mtu mzima iliyogeuzwa juu chini.

---

Mpwani wa Kilifi (#7)

Salaam wenzangu. Niko upande wa Kenya, EMT, yaani mhudumu wa dharura, wa ambulansi ya kampuni, mwaka wa nane huu.

Mimi nalinganisha wawili.

Wa kwanza alipona. Tulikuwa tumempeleka mgonjwa Malindi, tunarudi tupu, madirisha wazi. Mama akatoka mbio kwenye minazi, mtoto begani, akasimama katikati ya barabara hata dereva akashika breki nikaanguka. Mtoto wa miaka minne, kapaliwa na kokwa ya kunazi. Wenzangu wa bara kama hamzijui kunazi, ni vitunda vidogo vya kahawia, kokwa yake duara, gumu kama gololi. Alikuwa hana sauti, rangi imegeuka zambarau midomoni. Nikampinda mbele, nikampiga mgongoni kati ya mabega kwa kiganja mara 5, nikamkaba kwa nyuma nikambinya juu ya kitovu mara 5. Wapi. Akalegea mikononi mwangu kama nguo mbichi.

Nikamlaza kwenye sakafu ya gari, mwenzangu kaleta taa na ile koleo ndefu iliyopinda. Nikafungua mdomo, nikaiona. Imekaa pale kooni inang'aa. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka nikaogopa nitaisukuma ndani. Ikashika mara ya pili. Mapigo yalikuwa chini ya 60 na mtoto hana rangi, na kwa mtoto hapo hungoji yasimame, unaanza kifua. Tukampa hewa, tukabonyeza, haikufika dakika moja mapigo yakapanda, tukasikia kikohozi, halafu kilio. Mama aliposikia kilio ndipo yeye akaanguka.

Wa pili simsimulii. Alikuwa mchanga wa miezi miwili, alilala akiwa mzima hakuamka.

Ajabu ni hii: yule wa kunazi simkumbuki sura. Sijui alivaa nini. Wa miezi miwili najua hata mto ulikuwa na maua ya rangi gani. Nyumbani narudi hivi: nazima simu, naenda ufuoni, nakaa na wavuvi wanaotengeneza nyavu. Hawaniulizi kitu. Wananipa uzi nishike.

---

mkazi wa kongowe (#8)

Nimesoma hii nikatoka nje nikamwaga maji ya ndoo zote. Sisi raia tunafanya nini hadi ambulansi ifike? Maana kule kwetu haifiki.

---

Sista Mapokezi (#9)

mkazi wa kongowe, swali zuri.

Kwanza yale ya kuacha. Usimning'inize, usimkamue tumbo. Maji mengi unayoyaona yakitoka ni ya tumboni, na ukiyakamua anatapika, matapishi yanashuka mapafuni. Usimpe maziwa. Usimpakize bodaboda amelegea hapumui, dakika hizo kumi za njiani hakuna anayempa hewa.

Sasa la kufanya. Muite kwa nguvu, mguse. Kama hajibu na hapumui, au anavuta pumzi moja moja za kukata, piga yowe watu waje, mmoja apige simu, wewe kaa na mtoto. Mlaze chali kwenye kitu kigumu, sakafu au ardhi, si godoro. Inua kidevu kidogo. Mtoto mchanga usimpinde kichwa nyuma, kikae sawa tu. Bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, puliza kama sekunde moja mpaka uone kifua kimepanda. Kama ni mchanga, mdomo wako ufunike mdomo na pua pamoja. Kwa mtoto anayezama au kupaliwa, hizi pumzi za mwanzo msizione aibu.

Halafu kifua. Katikati, nusu ya chini ya ule mfupa, kwa kiganja cha mkono mmoja, mtoto mkubwa tumia miwili. Bonyeza hadi theluthi ya kina cha kifua, kama sentimita 5 kwa mtoto, 4 kwa mchanga, achia kirudi chote. Mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, haraka kuliko unavyodhani. Ukiwa peke yako 30, halafu pumzi 2. Sisi wa kazini tukiwa wawili ni 15 kwa 2, ndiyo ile kumi na tano ya mwenye uzi. Wale mliosoma zamani kumbonyeza mchanga kwa vidole viwili, miongozo ya Marekani ya 2025 imeviondoa: zungusha mikono kifuani mwake utumie gumba mbili, au kiganja cha mkono mmoja.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza, ni kama alivyofanya wa Kilifi. Ila chini ya mwaka mmoja usimbinye tumbo kamwe: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, mgeuze, mbonyeze kifuani mara 5.

Na pipa lifunikwe. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 ilisema mwaka 2021 walikufa maji watu kama 300,000 duniani, karibu robo yao watoto chini ya miaka 5. Watu wakisikia kufa maji wanawaza bahari na ziwa. Wa kwangu wengi wametoka kwenye ndoo, beseni na karo.

---

Mbongo Ughaibuni (#10)

Shikamooni wakubwa. Niko Uingereza, paramediki mwaka wa tano. Nitajibu la kubaki au kukimbia, maana huku nako tunagombana nalo.

Huku mzazi akipiga 999 yule anayepokea simu anamwelekeza abonyeze kifua na kupuliza hadi tufike, hakati simu. Tunatumwa magari mawili au matatu, wakati mwingine helikopta na daktari. Njiani mmoja anaendesha, mwingine anafungua kile kitabu cha mfukoni kina ukurasa wa kila umri, anausoma kwa sauti: miaka mitatu, kilo 14, adrenalini hivi, umeme jouli hivi. Anasoma mara mbili tatu. Si kwamba hatujui. Ni kwamba ukifika mlangoni ukasikia mama anavyolia, namba zote zinakutoka. Hiyo plasta yako ya 1.4 huku ni kitabu cha kuchapwa, kaka. Tukifika tunaanza na pumzi 5, ndipo 15 kwa 2.

Kitabuni tunaambiwa tukae, tufanye kazi vizuri pale pale kwanza. Kuna utafiti wa Marekani na Kanada wa 2015 ulioona waliohudumiwa palepale kati ya dakika 10 na 35 ndio waliopona wengi zaidi kuliko waliokimbizwa upesi. Lakini wale walikuwa na sindano za mfupani na dripu na watu sita. Wewe ulikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa. Msifananishe. Na hata huku, ukiwa na kila kitu, miguu inakuvuta kwenye gari. Mtu mzima tunaweza kumaliza sebuleni. Mtoto, unataka awepo mtu mwingine wa kusema "basi", si wewe.

Na hata huku, mtoto ambaye moyo umesimama nje ya hospitali, wanaotoka hai ni kama mmoja kati ya kumi. Nasema ili ujue ulikuwa unasukuma mlima gani.

Halafu dereva. Sisi tunafundishwa kwamba tukiwa tunabonyeza kifua nyuma, anayeendesha asikimbize. Aende laini. Kona moja ya nguvu unaruka upande, mikono inatoka kifuani, barakoa inavuja, na kila ukisimama damu nayo inasimama kichwani kwa mtoto. Simjui Mzee wako. Ila nikisoma kwamba alipunguza, mimi sikuona kosa.

Kurudi nyumbani: kuna kikao kifupi baada ya tukio, kuna chai, kuna namba ya mshauri. Polisi nao huja, kila kifo cha ghafla cha mtoto huchunguzwa kwa pamoja, kwa hiyo unakuta unaandika maelezo huku glavu ziko mfukoni. Wakati mwingine saa moja baadaye uko kwa bibi aliyeishiwa dawa ya presha anakulalamikia umechelewa. Unamwambia samahani mama.

---

Baba Tunu (#11)

Sijui kama mimi natakiwa kwenye uzi huu. Mimi si wa magari. Mimi ndiye niliyekaa kwenye benchi.

2019, binti yangu, mwaka mmoja na miezi minne. Homa ya mapafu. Tulihamishwa usiku kutoka kituo cha afya kwenda hospitali ya mkoa, njiani akaacha kupumua. Muuguzi alikuwa mmoja, dada mdogo tu kwa umri. Akanipa lile puto la hewa, akaniambia baba minya hivi. Niliminya hadi tukafika. Hakurudi.

Miaka yote sijamuuliza mtu. Nilikuwa naminya sawa? Mikono yangu ni ya fundi seremala, mizito. Nimewaza labda niliminya sana, au kidogo. Mke wangu hajui kama nawaza hilo.

---

Zamu ya Usiku (#12)

Baba Tunu, hapa ndipo mahali pako kuliko sisi wote.

Nikuulize: kifua chake kilikuwa kinapanda ukiminya?

---

Baba Tunu (#13)

Kilikuwa kinapanda. Nilikuwa nakitazama hicho tu.

---

Zamu ya Usiku (#14)

Basi uliminya sawa. Hakuna kipimo kingine tunachotumia sisi kwenye gari. Hatuna namba ya nguvu ya mkono, tunatazama kifua. Yule dada alikupa wewe kwa sababu yeye alihitaji mikono yake miwili kwa ajili ya kifua, na wewe ulimpa. Nimonia ikishamfikisha mtoto pale, ilishafanya kazi yake siku mbili kabla.

Umenikumbusha yule kijana wangu, mjomba wa mtoto. Baada ya pale hospitali nilimchukulia ambu mikononi, maana hakuwa ameiachia, nikaenda zangu kuosha gari. Sikumwambia chochote. Leo atakuwa na miaka ishirini na mbili. Sikuwahi kufikiri kwamba naye anaweza kuwa anajiuliza.

---

Kichwa Ngumu (#15)

Nimerudi. Niliandika kwa hasira kule juu. Mwenye uzi, hiyo ya elfu hamsini ya Mzee wangemrudishia.

---

Mpwani wa Kilifi (#16)

Zamu ya Usiku, kama kijiji unakijua, nenda. Mimi nilirudi kwa mama wa yule wa miezi miwili, baada ya mwezi. Nilibeba sukari na unga. Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza jina langu, maana siku ile hakulijua, alikuwa ananiita daktari. Sote huitwa daktari, hata dereva. Tukakaa. Hakuna kubwa tulilosema.

---

Dereva Mstaafu (#17)

Asalaam aleykum. Anayeandika ni binti yangu, mimi nasema yeye anabonyeza. Yeye ndiye aliyeuona huu uzi, akanisomea mwanzo, nikamwambia simama hapo, huyo mtu namjua. Pipa la bluu, tofali, kiwiko kwenye kioo. Namjua.

Mwanangu, hujambo.

Kwanza elfu hamsini haikuwa elfu hamsini, ilikuwa thelathini. Nyingine nilikuwa nayo kwenye tangi, geji ndiyo ilikuwa mbovu.

Pili. Mama yule alikaa kwangu mbele. Hakulia. Alikuwa na sabuni mikononi mpaka kwenye viwiko, imeanza kukauka, anaikwangua kwa kucha. Mimi nakimbiza, nakwepa mashimo, gari linakwenda huku na huku. Kila likiruka, yeye anageuka anatazama nyuma kwenye kile kioo. Anaona wewe unarushwa, na mtoto anarushwa. Tulipopita ule mwembe mkubwa wa kwa Mpemba akanishika mkono wa shati. Akasema, "Baba, endesha polepole, mtoto anatikisika."

Nikapunguza.

Nimeendesha magari ya wagonjwa miaka ishirini na saba. Najua dakika ni nini. Nilijua pia kwamba nyuma utanielewa vibaya, nikasikia kiwiko chako. Lakini mama kaniomba kitu kimoja, na ndicho pekee kilichokuwa kwenye uwezo wangu mimi. Nikaenda pole hadi lami, kwenye lami nikaenda laini. Nilivyokuona kwenye kioo hukuwa unarushwa tena, ulikuwa unahesabu, midomo inakwenda.

Sikukwambia kwa sababu hukuuliza. Na maneno ya yule mama niliona si yangu kuyatangaza.

---

Zamu ya Usiku (#18)

Shikamoo Mzee wangu.

Bado unatumia namba ile ya zamani?